Msemaji wa Kocha Mpya

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Siku ya kumi na tisa klabu yetu ya mpira, Osebo, haina kocha. Uongozi wa klabu umenyamaza. Tawi letu la Bantama halijanyamaza.

Tulikutana saa kumi alasiri kwenye kibaraza cha duka la magodoro la Fordjour, kama ilivyo desturi. Mimi kwenye kiti cha mwenyekiti wa tawi. Kiti cha mbao, chenye mikono miwili na mto mwekundu. Nimekikalia miaka kumi na saba. Wengine wote hukaa kwenye mabenchi, Fordjour akiwamo, ingawa kibaraza ni chake, na yeye ni makamu wangu. Jambo hilo linamuuma. Linastahili kumuuma.

Kila mtu alikuja na kocha wake. Fundi cherehani alisema ni Mserbia, kwa kuwa mara ya mwisho tulipotwaa ubingwa kocha alikuwa Mserbia. Hoja hafifu. Mama Ataa, muuza kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, na mweka hazina wetu, alisema hajali anatoka wapi, mradi awe mtu wa kuamka mapema. Fordjour alisema ni Agbossou, Mbenin. Nikamuuliza amejuaje. Akasema amesoma gazetini.

Gazetini! Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na miwili. Nikamweleza, kwa utulivu, kwamba kusoma si kuchunguza. Alinijibu mbele ya wanachama wote: “Haya, Opanyin Brenya, mzee wetu, chunguza basi utuambie. Au hicho kiti ni cha kusinzilia?”

Watu walicheka. Fundi cherehani alicheka mpaka akajishika ubavu. Jina lake nimeliandika pembeni.

Azimio: nitamjua kocha kabla ya mtu mwingine yeyote hapa Kumasi.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Mambo yamejileta yenyewe!

Pokuaa, binti wa dada yangu, ni mhudumu wa mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni kule juu, karibu na hospitali. Leo asubuhi, tukinywa uji, alitaja kwa bahati tu kwamba wana wageni wawili tangu Jumapili. Wamekuja na gari la namba za kigeni. Kati yao huzungumza Kifaransa. Anayewalipia ni klabu ya Osebo, na daftarini wameandikwa “wageni wawili wa klabu” tu, bila majina.

Nikamtaka anieleze habari zao kwa mpangilio.

Mmoja ni mfupi. Anaongea kutwa. Ana daftari. Amemuuliza Pokuaa habari za mvua, za nyasi za uwanjani, na kama wachezaji hula vizuri. Wa pili ni mrefu, mnene, mwenye miwani myeusi. Haongei kabisa. Jana alitaka chumvi. Hakuiomba. Alimnong’oneza yule mfupi, na mfupi ndiye aliyemwomba Pokuaa.

Nikaweka kijiko chini.

Mtu aliyelelewa vizuri katika mji huu hahitaji kuelezwa zaidi. Mkubwa hawarushii watu maneno. Humwambia msemaji wake kwa sauti ya chini. Msemaji huyapokea, huyalainisha, kisha huyafikisha. Nimehudhuria baraza la chifu wetu mara zisizohesabika, na sijapata kumsikia akiomba chumvi kwa kinywa chake. Kwa hiyo yule mrefu ndiye kocha. Mfupi ni msemaji wake.

Na ni kocha gani mrefu, mnene na mkimya? Mbarga wa Kameruni! Mtu mwenye makombe manne, ambaye hajazungumza na waandishi wa habari kwa miaka sita.

Pokuaa alitaka kunionyesha picha ya Mbarga kwenye simu. Nilikataa. Uso wenye ukubwa wa kiberiti si ushahidi. Akasema, “Lakini Mjomba, Mbarga ana ndevu, na huyu hana hata moja.” Nikamweleza kwamba ndevu hunyolewa. Akasema Mbarga ni mzee kuliko huyu. Nikamweleza kwamba mtu aliyenyoa huonekana kijana. Nilimkataza kumwambia mtu yeyote. Akauliza atapata nini. Nikamjibu kwamba atapata radhi ya mjomba wake. Hakuonekana kufurahi sana.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Nimekwenda mwenyewe. Kisingizio: kumpelekea Pokuaa mwavuli. Mvua hakuna, lakini mwavuli ni mwavuli.

Walikuwa ukumbini wakila. Nilikaa meza ya tatu, nikaagiza maji. Niliyoyaona nayaandika bila kuongeza neno.

Feni ilikuwa inampuliza yule mkubwa usoni. Mfupi aliinuka akaigeuza. Ushahidi wa kwanza. Mkubwa aliinama akasema maneno matatu, niliyahesabu. Mfupi akacheka, akamwambia mhudumu: “Mwenzangu anasema supu yenu ni nzuri mno, ila pilipili imemshinda, na anawashukuru kwa ukarimu.” Maneno matatu yakawa hotuba! Hiyo ni kazi ya msemaji aliyekomaa. Ushahidi wa pili, nami sikuhitaji wa tatu.

Kisha msemaji alinigeukia, akanisalimu kwa Kiingereza cha kuchechemea, akauliza kama mimi ni mshabiki wa mpira. Nilijibu kwa tahadhari kwamba mimi ni raia wa kawaida. Akauliza Osebo inaumwa nini. Nikaona nafasi. Neno ukimpa msemaji, limemfikia bwana wake.

Nikamweleza habari za Nsiah, beki wetu wa kushoto. Mechi zetu huchezwa alasiri. Kipindi cha kwanza upande wake huwa kwenye kivuli cha jukwaa, naye hukimbia kama ana pepo. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, Nsiah huhamia juani, na hapo ndipo mabao yote huingilia. Miaka miwili sasa. Makocha watatu wamefukuzwa, na hakuna hata mmoja aliyelitazama jua.

Msemaji aliacha kula. Aliandika yote. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kwamba nina daftari la mabao nyumbani, lenye saa na dakika.

Kwa kuwa alikuwa msikivu, nikamwongezea onyo. Nilimwambia kwamba wapo wapumbavu mjini wanaosema analetwa Agbossou wa Benin, mtu asiyeweza kumfundisha mbuzi njia ya malishoni. Aliandika na hilo, kwa uangalifu. Akauliza kama nilimaanisha mbuzi mmoja au kundi zima. Nikasema hata mmoja.

Alinishukuru sana. Mtu mwenye adabu. Mkubwa muda wote alikuwa anachokonoa meno na kutazama dari. Utulivu wa ajabu!

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Leo nimezungumza redioni.

Kipindi cha michezo huanza saa moja asubuhi. Nilishika simu dakika arobaini na tano nikisubiri zamu. Mbele yangu alikuwapo mtu aliyetaka kocha achaguliwe kwa maombi ya kufunga. Hatimaye mtangazaji, kijana anayeitwa Tweneboa, akanikaribisha hewani. Nilijitambulisha kwa jina na cheo. Nikatamka kwamba kocha wa Osebo ni Mbarga wa Kameruni, kwamba yumo mjini, na kwamba nimekaa naye chumba kimoja.

Tweneboa alipiga ukelele. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Mara Fordjour akaingia kwenye laini. Nilimsikia mara mbili, kwanza dirishani kisha redioni, maana duka lake liko mkabala na nyumba yetu. Alisema, “Tweneboa, huyu mzee wetu tunampenda, lakini amemwona Mbarga kama mimi nilivyomwona malaika. Kocha ni Agbossou. Muulize, akikosea je?”

Tweneboa akaniuliza: nikikosea je?

Sijui neno lilitoka wapi. Nilisema, “Nikikosea, kiti cha mwenyekiti ni cha Fordjour.”

Jimbo zima la Ashanti lilisikia. Tweneboa alipiga kanda yake ya mlio wa tarumbeta. Fordjour alisema amekubali, na akamshukuru Mungu hewani.

Dufie, dada yangu, alikuja akazima redio. Ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, lakini nyumba ni yake kwa namna zote zinazohesabika. Alikaa chini kwanza, jambo ambalo halifanyi asubuhi. Akasema tangu nistaafu, na tangu mke wangu afariki, hajanisikia nikizungumzia kitu kingine zaidi ya tawi. Kisha akauliza: “Kaka, wakikuondoa kwenye kile kiti, saa kumi utakuwa unakwenda wapi?”

Nikamjibu kwamba sitaondolewa. Mchana alitwanga fufu kwa nguvu kuliko kawaida.

Tangazo la klabu: kocha atatambulishwa Jumamosi uwanjani.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Ujumbe wa tawi umekwenda kumpokea mgeni. Wajumbe: mimi, Mama Ataa na fundi cherehani. Fordjour alikataa kuja. Alisema yeye atasubiri Jumamosi kama Wakristo wengine. Fundi cherehani alikuja kwa sababu nilimwahidi kulifuta jina lake pembeni. Bado sijalifuta.

Mgeni hupewa maji kwanza, kisha ndipo huulizwa ujumbe uliomleta. Tulifanya hivyo bila kuruka hatua. Mama Ataa alimpa yule mkubwa maji kwa mikono miwili. Akayanywa yote. Nikasimama, nikamgeukia msemaji. Sikumtazama mkubwa hata kidogo, maana hiyo ingekuwa utovu wa adabu. Nikasema: “Bwana msemaji, mfikishie mkubwa kwamba hapa kwetu ni kwema. Yeye ndiye msafiri. Tunaomba ujumbe wake.”

Msemaji alionekana kushangaa. Nadhani hakutegemea kukuta watu wanaojua taratibu. Akamgeukia mkubwa, wakasemezana kwa Kifaransa. Mkubwa alisema maneno kama kumi na tano. Mengi kuliko yote hadi sasa! Msemaji alicheka kidogo, kisha akatuambia: “Anasema amekuja kwa amani, hana neno baya, na maji ni baridi.”

Jibu sahihi kabisa. Hata wazee wetu wengine husahau kutaja amani.

Nikaingia sehemu ya pili. Nilikuwa nimemwagiza seremala wa Asafo fimbo ya msemaji, yenye kichwa cha chui, nembo ya klabu. Seremala alikuwa na haraka, na chui anafanana zaidi na paka aliyeshiba, lakini rangi ya dhahabu imekaa vizuri. Nikamkabidhi msemaji. Nilimwambia mtu wa kazi yake hatembei mikono mitupu.

Aliishika fimbo kwa muda mrefu. Nilimwona ameguswa. Akauliza kama kweli ni yake. Nikasema ya nani mwingine? Akauliza inatumiwaje. Nikamweleza kwamba aishike kila anaposimama kumsemea bwana wake. Akasema hakujua kama ana bwana, labda rais wa klabu. Nikacheka sana. Wasemaji wazuri wote wana mzaha.

Njiani kurudi Mama Ataa akasema: “Opanyin, usikasirike. Yule mfupi kaniuliza timu ilifungwa penalti ngapi msimu uliopita. Yule mrefu kaniuliza kwa vidole choo kiko wapi.”

Nikamweleza kwamba wakubwa nao wana haja zao. Akasema hilo analijua, alikuwa anataja tu.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Naandika kwa ufupi. Kichwa kinauma.

Uwanjani saa tisa. Watu kama elfu nane. Ngoma, mabuyu ya shanga ya kutikisa, vuvuzela. Nilikaa mstari wa mbele wa matawi, na beji yangu ya mwenyekiti kifuani. Fordjour alikuwa mistari miwili nyuma yangu. Amevaa shati jipya.

Wageni wakaingia. Mkubwa alikuja wa mwisho, akakaa safu ya pili ya viti vya wageni, nyuma kabisa ya kinamama wa klabu, akaanza kula karanga. Nilimwonyesha fundi cherehani. Nikamwambia atazame namna ukuu unavyojificha.

Kisha msemaji akatoka, na mkononi ameshika fimbo yangu! Nilisimama. Nilipiga makofi kabla ya mtu yeyote. Sijui lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha kama ile. Nadhani siku ya harusi yangu, na siku ile mvua ilinyesha.

Alipelekwa kwenye kipaza sauti. Akaanza kusema: kazi, nidhamu, mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Mama Ataa alipiga kigelegele kwa ajili ya saa kumi na mbili. Mimi nilikuwa nasubiri maneno “hivyo ndivyo asemavyo mkubwa wangu”. Dakika nne zikapita. Msemaji alikuwa anajisahau. Hutokea kwa vijana.

Nikasimama. Nilitumia sauti yangu ya mahakamani, ambayo haihitaji kipaza sauti. Nilisema kwamba msemaji amefanya kazi yake vyema na tunamshukuru. Sasa ampishe mwenye maneno tumwone. Na nikamwelekeza kwa mkono yule mkubwa wa safu ya pili.

Mkubwa alitazama nyuma yake kuona anaonyeshwa nani. Rais wa klabu akashika kipaza sauti, akauliza mzee anamaanisha nini. Yule mfupi alinitazama kwa upole, akasema: “Baba, mimi ndiye Agbossou.”

Nimewahi kuwasikia watu elfu nane wakimcheka kipa wa wapinzani. Sikujua kicheko kile kikoje kwa mtu aliyesimama ndani yake. Hakina pande. Sikujua nikae au nibaki wima, basi nikabaki wima. Beji ilikuwa nzito.

Ikawa Agbossou mwenyewe ndiye aliyenyoosha fimbo kuwanyamazisha. Alisema wiki nzima watu wamekuja kumsifu, na ni mmoja tu aliyekuja kumwambia ukweli juu ya timu. Alisema Alhamisi jioni alikaa peke yake na kanda za mechi sita, akatazama kivuli, na mzee amesema kweli. Hakumtaja Nsiah kwa jina. Nsiah alitazama viatu vyake. “Na kuhusu yule mbuzi,” akaongeza, “nitajitahidi.”

Wakapiga makofi. Nikakaa.

Niligeuka kumtazama Fordjour. Hakuwa anacheka. Hilo liliniudhi kuliko kama angecheka. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu: “Kesho, Opanyin. Saa kumi.”

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Makabidhiano yamefanyika kwa utaratibu. Niliandaa hati nakala mbili. Kiti, kimoja. Mto mwekundu, mmoja, umefifia upande wa kulia. Kengele ya meza, moja. Daftari la wanachama, moja, ukurasa wa arobaini umechanika, si kwa kosa langu. Tulitia sahihi. Fundi cherehani alikuwa shahidi na hakucheka. Jina lake nimelifuta.

Fordjour alikikalia kiti. Kililia. Kwangu hakijawahi kulia. Alisema Opanyin akae benchi la kwanza, mkono wake wa kuume, na asiwepo mtu wa kumtania leo. Wanachama walitii. Ningependelea wanitanie.

Benchi halina egemeo. Mkutano ulichukua saa mbili, na sala ya ufunguzi ya Fordjour ilikuwa robo ya mkutano. Niligundua jambo moja. Kutoka kwenye kiti huonekana barabara yote, mpaka mzunguko wa magari. Kutoka kwenye benchi huonekana magodoro. Miaka kumi na saba wenzangu wametazama magodoro, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Nimelitafakari hilo njiani mpaka nyumbani, ambapo si mbali.

Dufie aliweka nyama nne kwenye supu yangu. Kawaida ni mbili.

Pokuaa ameleta habari kamili, baada ya kuombwa na mama yake asizilete. Yule mrefu ni shemeji wa Agbossou. Ndiye mwenye gari. Hajui Kiingereza wala lugha yetu hata neno moja, ndiyo maana alikaa kimya. Alimsindikiza shemeji yake ili apate kutafuta giaboksi ya lori kule Suame kwenye magereji.

Nilimshukuru kwa taarifa. Nikaenda kulala mapema.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Saa kumi ilifika. Sikwenda popote. Nilikaa ukumbini nikasikiliza kengele ya meza ikilia ng’ambo ya barabara. Fordjour anaigonga mara nyingi kupita kiasi. Mara mbili zinatosha.

Jambo moja katika maelezo ya Pokuaa haliniingii akilini. Mtu hatoki Cotonou, kule Benin, mpaka hapa, kupitia mipaka miwili, kwa ajili ya giaboksi tu. Kesho nitakwenda Suame. Sitamwambia Dufie. Nitasema nakwenda kwa kinyozi.

Jumanne, tarehe 13 Agosti

Haki imedhihirika!

Nilizunguka Suame kuanzia saa tatu. Mafuta machafu mpaka vifundoni, vyuma, moshi, nyundo. Saa tano na robo niliwakuta kwenye banda la muuza vyuma vya malori. Wote wawili. Nilisimama nyuma ya rundo la matairi, nikashuhudia yafuatayo.

Mkubwa amekunja mikono. Agbossou, kocha wa Osebo aliyetambulishwa mbele ya watu elfu nane, ndiye anayebishana na muuzaji. Muuzaji anapunguza bei. Agbossou anamgeukia mkubwa. Mkubwa anatikisa kichwa. Agbossou anarudi kwa muuzaji kubembeleza. Muuzaji anasema, “Kocha, utaniua! Chui wenyewe nawashangilia, lakini nina watoto!” Agbossou anamgeukia tena mkubwa. Mkubwa anasema neno moja. Moja! Na Agbossou anampelekea muuzaji sentensi nzima yenye salamu ndani yake.

Mara tano alikwenda na kurudi. Sasa naomba kuuliza. Nani anamsemea nani?

Sipingi kwamba Agbossou ana cheo. Mkataba una jina lake. Lakini nimekaa mahakamani miaka thelathini na miwili, na nimewaona watu wengi wenye majina yao kwenye karatasi wakimtazama mtu aliyekaa kimya nyuma kabla ya kujibu swali. Kosa langu lilikuwa la jina tu. Mbarga siye, hilo nakiri. Kiini cha hoja kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kikosi cha Osebo kitapangwa na mtu mwenye miwani myeusi.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja kwenye simu. Tweneboa ana kipindi cha marudio saa saba mchana. Alifurahi mno kunisikia. Alisema wasikilizaji wamekuwa wakiniulizia. Nikatamka kwamba kabla ya Krismasi yule mkubwa atakaa kwenye benchi la ufundi mbele ya watu wote, na Agbossou mwenyewe atakiri kwamba amekuwa akimsemea.

Fordjour alikuwa tayari kwenye laini. Nadhani siku hizi haikati kabisa. Aliuliza, kwa heshima zote, safari hii Opanyin anaweka nini, maana kiti anacho yeye na amekwisha kukizoea.

Nilifikiri. Nina nafasi ya dirishani kwenye basi la mashabiki, safu ya kwanza, nyuma ya dereva. Nimeikalia katika kila safari ya ugenini tangu basi linunuliwe. Nikaitaja. Fordjour alikubali kabla sijamaliza, akanishauri nianze kujizoesha safu ya nyuma, juu ya gurudumu.

Dufie alikuwa mlangoni na mchi mkononi. Sijui alifika lini. Hakuuliza habari za kinyozi. Aliuliza tu, nikishapoteza na dirisha, nitakuwa nimebakiwa na nini kingine cha kuweka.

Nimemwambia kwamba swali hilo halina msingi. Haiwezekani mtu akosee mara mbili kuhusu mtu yule yule.